Staa Anatamba "Tukutane Mahakamani", Akiombwa Meseji Anaingia Mitini

Mastaa bwana! Wakiwa laivu Instagram ni simba, yakifika makaratasi wanatafuta pa kujificha.

Yupo mwanamuziki mmoja mkubwa pale Los Angeles, jina kapuni, ambaye aliyekuwa msaidizi wake amemfungulia kesi ya madai. Binti anasema alikesha kazini, ovataimu hakuiona, na maagizo yote yalikuja kwa meseji. Jamaa akaingia laivu: "Tukutane mahakamani, ukweli utajulikana." Timu yake ikajaza emoji za moto.

Haya, ukweli umeombwa. Kwenye mahakama za jimbo la California, kabla kesi haijasikilizwa, kila upande una haki ya kuutaka mwenzake atoe nyaraka. Na nyaraka si karatasi tu: meseji, barua pepe, rekodi za mishahara, kalenda ya simu, vyote vimo. Muda wa kujibu ni siku 30. Wakili wa binti kaomba vinavyohusu kazi, basi. Kilichorudi ni pingamizi mwanzo mwisho. Ombi la kwanza "halieleweki", la pili "linasumbua", la tatu "linaingilia faragha", maneno yale yale yamekopiwa na kupestiwa mpaka kwenye ombi la mkataba wa kazi. Mkataba aliousaini binti mwenyewe, anafichwa nini?

Halafu mashabiki wanaandika eti wakili wa staa ni noma. Noma wapi? Kubania kunaitwa akili siku hizi?

Sheria inataka kila ombi lijibiwe: natoa, sina, au napinga kwa sababu hii mahususi. Anayesema hana lazima aeleze kwamba ametafuta kwa bidii, na kama kitu kilipotea, kiliharibiwa, kiliibwa au hakikuwahi kuwepo. Jibu la namna hiyo mhusika analisaini kwa kiapo. Lakini jibu lenye pingamizi tupu halihitaji kiapo chake! Ndiyo mchezo wenyewe. Mtu aliyeahidi ukweli mbele ya kamera hajaapa hata neno moja, na hawezi kubanwa kwa uongo ambao hajausema.

Gharama ya mchezo huo anaibeba binti. Mawakili lazima kwanza wajaribu kuelewana, barua zinakwenda na kurudi. Wakishindwana, upande wake una siku 45 tangu majibu yaliyokamilika yafike kumwomba jaji aamuru nyaraka zitolewe. Zikipita bila kuongezwa, nafasi hiyo imekwenda. Mtu hana ajira, kodi ya nyumba haisubiri jaji, mwisho anakubali chochote atakachopewa yaishe. Adhabu kwa anayebania ipo. Tangu 2024 asiyejibu maombi ya nyaraka kwa nia njema anatozwa dola 1,000, asipokuwa na sababu ya maana, na hata anayeziachia ndani ya siku 7 kabla ombi halijasikilizwa anaweza kuangukiwa nayo. Kwa staa wa kiwango hicho, hiyo si bei ya viatu vya video moja? Jaji anaweza kwenda mbali zaidi, ila huko hufikiwa taratibu sana.

Timu faragha nao wasikilizwe, maana faragha ni haki na California imeiandika kwenye katiba yake. Meseji za mama yake au za mpenzi wake hazimhusu mtu. Kwa hizo kuna njia: anamwomba jaji azizuie, au zionwe na mawakili pekee. Jamaa hajaomba chochote cha aina hiyo.

Alichofanya ni kuposti skrinishoti nne za chati zake na binti, zile ambazo binti anaonekana anajibu kwa jeuri, zikapata laiki kama mvua. Kwa hiyo simu imepatikana na meseji zipo. Hizo nne hazikuwa na faragha wala hazikumsumbua kuzitafuta. Zilizobaki, za saa nane usiku, ndizo "hazieleweki".