Usiilaumu Balbu Kabla ya Holda

Wengi wetu tunaopanga vyumba hapa London tuna malalamiko yale yale: baridi, kodi, na balbu zinazoungua kila baada ya wiki chache. Mbili za kwanza hazina dawa ya haraka. Ya tatu inayo.

Wengi husema viwanda hutengeneza balbu zife mapema. Maneno hayo yana mzizi. Desemba 1924, watengenezaji wakubwa wa balbu, wakiwamo Osram wa Ujerumani, Philips wa Uholanzi na wenzao wa Uingereza, waliunda mjini Geneva umoja ulioitwa Phoebus. Walikubaliana balbu ya kawaida idumu saa 1,000, na aliyekiuka akatozwa faini. Hata hivyo, tume ya serikali ya Uingereza iliyochunguza biashara hiyo ilionyesha katika ripoti yake ya 1951 kwamba jambo lina pande mbili. Waya wa balbu ukiwaka kwa joto kali hutoa mwanga mwingi kwa umeme ule ule, lakini hukatika upesi. Ukiwaka kwa joto dogo hudumu, ila mwanga huwa hafifu na umeme mwingi hupotea bure.

Balbu hizo zimepitwa na wakati. Siku hizi tunanunua za LED, na paketi nyingi huahidi saa 15,000. Kwa saa tatu kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 13. Mbona basi nyingine hazimalizi mwaka?

Ingawa bado tunasema "imeungua", LED haina waya wa kuungua. Mara nyingi kinachokufa ni saketi ndogo iliyofichwa shingoni mwa balbu, inayobadilisha umeme wa nyumba uifae LED. Adui yake ni joto. Ukiifungia ndani ya kioo kisichopitisha hewa, au ikiwa imezamishwa darini, joto halina pa kutokea.

Adui wa pili ni holda. Balbu za pini mbili, zilizozoeleka hapa kama zilivyozoeleka kwetu, hushikwa na springi. Springi zikichoka, au nyaya zikilegea, umeme hukatika na kurudi huku ukitoa cheche. Adui wa tatu ni volti. Hapa Uingereza kiwango ni 230, na kinaruhusiwa kucheza kati ya 216 na 253 hivi. Kwa balbu za zamani za waya, volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, umri hupungua karibu nusu. Walioishi mahali ambapo umeme ukikatika hurudi kwa kishindo hawahitaji kuelezwa zaidi.

Basi pima hivi. Ikifa balbu moja, nunua nyingine. Zikifa tatu mahali pale pale na za vyumba vingine ni nzima, shuku holda au joto. Zikifa nyumba nzima, shuku umeme wenyewe. Hapa hatuzungumzii pauni mbili tatu: nyaya zilizolegea huweza kuwasha moto watu wakiwa wamelala.

Kubadilisha balbu kwa kawaida ni kazi ya mpangaji, lakini holda na nyaya si zako kuzitengeneza. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 inamtaka mwenye nyumba azitunze. Tena, kwa nyumba za kupanga za watu binafsi hapa England, kanuni za 2020 zinataka umeme ukaguliwe na fundi mwenye sifa angalau kila miaka 5, na mpangaji apewe nakala ya ripoti. Iombe. Andika barua pepe, taja chumba, tarehe na idadi ya balbu zilizokufa. Adabu zetu za "samahani kwa usumbufu" ziweke mwanzoni mwa barua, zisichukue nafasi ya ombi lenyewe.