MAONI: Ukilipia gemu upewe gemu, si pata potea

Kabla hujatoa pesa kununua gemu, jiulize swali moja: hiki ninachonunua ni gemu nzima, ama ni tikiti tu ya kuingia mahali ambapo nitaendelea kukamuliwa?

Wengi wetu hatujiulizi. Tukikutana kwa kibanda cha PS mtaani, stori ni picha zilivyo kali na nani alimfunga nani mabao manne. Bei tunaizungumzia siku ya kununua tu. Zile shilingi mia mia zinazotoka baadaye kwa simu hakuna anayezihesabu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisahau kutuambia kwamba haba na haba hiyo hiyo humaliza kibaba.

Chukua mfano wa gemu mbili zilizotokana na filamu za Star Wars. Zote ziliuzwa na kampuni moja, EA, na zilipishana kwa miaka mitatu hivi. Moja ilitaka uendelee kulipa. Nyingine ilichukua pesa yake mara moja ikakuachia ndege zako. Ukizilinganisha, utaona kwamba kukamuliwa si sheria ya dunia. Ni uamuzi wa mtu ofisini, na uamuzi hubadilishwa.

Ya kwanza ni Star Wars Battlefront II ya mwaka 2017. Ilikuwa gemu ya bei kamili, dola 60 kule Marekani. Hata hivyo, walioicheza mapema walikuta makreti ndani yake. Ukifungua kreti unapata kadi za kuongeza nguvu, zile za kumfanya mtu awe mgumu kuuawa ama silaha yake iume zaidi. Kreti ungeipata kwa kucheza sana, ama kwa kutoa pesa halisi. Kilichomo hukijui mpaka ufungue. Hiyo ni pata potea, ile ile ya karata tatu kando ya steji ya matatu, ila hii imepakwa rangi na kuwekewa muziki wa filamu.

Si hayo tu. Mashujaa kama Darth Vader na Luke Skywalker walikuwa wamefungiwa, na kumfungua mmoja ulihitaji alama 60,000 za ndani ya gemu. Wachezaji walipiga hesabu wakaona ni takriban saa 40 za kucheza kwa shujaa mmoja. Walipolalamika kwenye mtandao wa Reddit, kampuni ikawajibu kwamba nia ilikuwa wajivunie kazi yao. Jibu hilo lilipigiwa kura za kulikataa zaidi ya 600,000, mpaka likaingia kwenye rekodi za Guinness.

Tazama kilichofuata. Bei ya mashujaa hao ilishushwa kwa asilimia 75. Gemu ilikuwa itoke rasmi Novemba 17, 2017, na siku moja kabla ya hapo, EA ikazima kabisa ununuzi wa pesa halisi. Uliporudishwa mwaka 2018, ulikuwa wa mavazi na mapambo tu, si wa nguvu za kushindia. Watu walinung'unika kwa pamoja, kampuni kubwa ikarudi nyuma.

Ya pili ilitoka Oktoba 2, 2020. Hiyo ni Star Wars: Squadrons, ya PS4, Xbox One na kompyuta, iliyotengenezwa na Motive, studio ya EA iliyoko Montreal, Canada. Bei yake ilikuwa dola 40, wakati ambapo gemu kubwa zilikuwa zikienda kwa dola 60. Ndani yake hakuna kreti ya kununua wala sarafu ya kuongezewa kwa pesa halisi. Vipuri vya ndege na rangi zake unavipata kwa alama unazochuma ukicheza. Basi.

Na gemu yenyewe si ya mchezo. Unakaa ndani ya chumba cha rubani muda wote wa vita. Ndege yako huioni kwa nje kama ulivyozoea. Mbele yako ni kioo, dashibodi na rada. Ndege ina nguvu za kiasi fulani, na kazi yako ni kuzigawa kati ya injini, bunduki na ngao. Ukizipeleka zote kwa injini utakimbia kama gari la miraa, lakini bunduki zitachelewa kujaa. Ukizipeleka kwa ngao utavumilia risasi, lakini utakuwa mzito. TIE fighter ya Himaya haina ngao kabisa, kwa hivyo ukizubaa kidogo umekwisha.

Halafu kuna vita vya meli kubwa, timu mbili za watu watano watano. Hapo ujanja wa mtu mmoja haufiki mbali. Lazima mpange nani ataendesha Y-wing kubeba mabomu, nani atamlinda kwa A-wing yenye mbio, na nani atabaki na U-wing kuwaongezea wenzake risasi na kuwakarabati. Mkishindwa mnajua sababu: mlivamia meli kubwa mapema, ama mlimwacha mwenzenu peke yake. Kesho mnarekebisha. Hakuna anayekushinda kwa sababu mamake ana kadi ya benki.

Usidhani pia kwamba kulipa mara moja ni wazo geni. Mwaka 1998, Factor 5 na LucasArts walitoa Star Wars: Rogue Squadron ya Nintendo 64. Ndani ya katriji walificha ndege moja, Naboo Starfighter, kutoka filamu ya The Phantom Menace ambayo wakati huo ilikuwa haijafika sinema. Mwaka 1999 filamu ikatoka, na maneno ya siri ya kuifungua ndege hiyo yakatangazwa. Mtu aliyekuwa amenunua gemu miezi kadhaa awali akajikuta na ndege mpya bila kutoa hata ndururu. Leo ndege kama hiyo ingefungiwa kwenye kreti, ukaambiwa bahati yako ni ndogo, jaribu tena.

Najua utakachoniambia. Utasema Squadrons haikudumu. Mwishoni mwa 2020 iliongezewa ndege mbili, B-wing na TIE Defender, tena bila malipo, kisha nyongeza kubwa zikaisha. Gemu isiyoingiza pesa kila wiki haina wa kuitengenezea vitu vipya kila wiki. Hoja hiyo ina uzito, na sitaikwepa. Mechi ya mtandaoni ya watu kumi inahitaji watu kumi, na gemu ikikosa vitu vipya, watu huhama.

Lakini kuisha si kufa. Filamu ikifika mwisho husemi imekufa, unasema umeitazama. Squadrons ina kisa chake cha mchezaji mmoja, unachokipitia ukiwa rubani wa Jamhuri Mpya, na upande wa pili ukiwa rubani wa Himaya. Kisa hicho hakingoji mtu mtandaoni. Ukikimaliza, diski ni yako. Utamkopesha jirani, utaibadilisha na nyingine, ama utaiuza. Niambie, ile pakiti ya wachezaji uliyoifungua mwaka jana kwenye gemu ya kandanda utamuuzia nani leo, wakati toleo jipya limeshatoka na wewe umeanza tena sifuri?

Naam, tuje kwenye kandanda, maana huko ndiko pesa zetu zinakoishia. Kampuni iliyotuuzia Squadrons bila kreti ndiyo hiyo hiyo inayouza pakiti za wachezaji katika Ultimate Team. Unalipa, unafungua, unaomba Mungu upate straika wa maana, unapata beki usiyemjua hata jina. Utasema hakuna anayelazimishwa. Kweli, hakuna anayeshikiwa kisu. Lakini ukifungwa mara tano mfululizo na mtu mwenye kikosi cha dhahabu, na kitufe cha kununua pakiti kiko pale pale, hiyo hiari imewekewa mtego.

Ubelgiji hawakukubali neno hiari liwe mwisho wa mjadala. Aprili 2018, tume yao ya michezo ya kamari ilisema makreti ya kulipia katika gemu kadhaa, FIFA 18 ikiwemo, yanavunja sheria za kamari. Januari 2019, EA ikaacha kuuza sarafu za FIFA nchini humo. Gemu haikufungwa. Wabelgiji waliendelea kucheza mpira wao, ila bila kununua bahati nasibu.

Hapa kwetu, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Wakati huo huo, gemu za FIFA zilipewa alama ya PEGI 3 huko Ulaya, yaani hata mtoto wa chekechea anaruhusiwa. Mdogo wako wa darasa la sita hawezi kuingia duka la kamari, lakini akikaa sebuleni anaweza kulipia kitu asichojua ni nini, akitumaini kitakuwa cha maana. Tofauti iko wapi?

Nakuuliza hivyo kwa sababu kuna ndege nyingine ambayo vijana wengi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu wanaijua kuliko X-wing. Ndege ya Aviator. Inapaa, namba inapanda, unatakiwa utoe pesa yako kabla haijatoweka. Haina usukani. Haina injini ya kugawia nguvu wala mwenzako wa kumlinda. Kompyuta ndiyo inayoamua itatoweka lini, na unaweza kuicheza miaka kumi usiwe rubani bora kuliko ulivyoanza. Watu wamepoteza karo na kodi ya nyumba humo.

Sisemi kila anayefungua pakiti ataishia huko. Nasema mazoea hujengwa. Kidole ni kile kile, simu ni ile ile, PIN ni ile ile, na ile hisia ya "kidogo nipate" ni moja. Ukiwa na miaka 13 ukizoea kwamba kupoteza pesa kwa kitu usichokiona ni sehemu ya burudani, ukifika 18 hutahitaji kufundishwa.

Sasa ufanye nini? Sikuambii uache gemu. Nakuambia ununue kama mtu anayejua thamani ya jasho lake, ama la mzazi wake.

Kwanza, soma jalada kabla ya kulipa. Tangu 2020, PEGI huweka alama kwenye gemu zinazouza vitu vya kubahatisha. Ukiiona, jua bei uliyoambiwa dukani si ya mwisho.

Pili, fungua taarifa yako ya M-Pesa ujumlishe ulichotumia ndani ya gemu kwa miezi mitatu. Andika jumla hiyo mahali. Halafu uliza diski iliyotumika ya gemu kamili kama Squadrons inauzwa pesa ngapi. Rahisi ghali, na hapa utaiona methali hiyo kwa tarakimu.

Tatu, lalamika. Usikubali kuambiwa kwamba mchezaji wa Kenya ni mdogo mno kusikika. Yale yaliyotokea 2017 hayakuanzishwa na serikali wala bilionea. Yalianzishwa na wachezaji waliokataa kulipa mara mbili kwa kitu kimoja, kila mmoja akaacha kura yake pale. Miaka mitatu baadaye, kampuni ile ile ikaleta gemu ya ndege isiyo na kreti hata moja.

Waliweza kuitengeneza. Ina maana wanaweza kutengeneza nyingine. Lakini hawatafanya hivyo kwa huruma. Watafanya hivyo siku wakiona pakiti zinakosa wanunuzi, na mmoja wa wanunuzi hao ni wewe.