Mashua ya Tanga Nayo Ionekane

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi wenye mashua ndogo za tanga huku Pemba tunalijadili sana siku hizi. Jambo lenyewe ni redio na mitambo ya kuonyesha vyombo baharini.

Mimi na wenzangu watatu wa hapa Wete tunamiliki mashua ya matembezi. Hatuchukui abiria wa nauli wala hatuvui. Tunakwenda Fundo na Njao, siku za sikukuu tunafika Misali na jamaa zetu, na mara moja moja kwa mwaka tunavuka mkondo kwenda Tanga. Sasa tumechanga fedha za kununua redio yenye mtambo wa AIS ndani yake, na kila tunayemwuliza ana lake la kusema.

Wako wanaoona kuwa hii ni anasa. Wanasema babu zetu walikwenda Mombasa na Lamu kwa nyota na upepo, na walirudi salama. Ni kweli, lakini babu zetu hawakukutana na boti ya mwendo kasi. Boti inayokwenda maili 30 za baharini kwa saa ikielekeana na mashua inayokwenda maili 5, basi maili 10 zilizo baina yao humalizika kwa dakika 17 tu. Usiku wa mvua, dakika hizo ni chache mno.

Tena Mkondo wa Pemba si kijito. Kati ya kisiwa chetu na bara ni kilomita zipatazo 50, na kina chake kinafikia mita 800, kwa hiyo meli kubwa hupita bila ya wasiwasi. Bandari ya Tanga imeongezwa kina na gati zake zimeimarishwa ili meli kubwa zifunge gatini. Na huko Chongoleani, Tanga, ndiko mwisho wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda. Meli za kupita mbele ya milango yetu zitazidi, hazitapungua.

Hakuna Mpemba anayehitaji kukumbushwa usiku wa tarehe 10 Septemba, 2011, MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikija Pemba, wala tarehe 18 Julai, 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe. Misiba ile ilikuwa na sababu zake, na sisemi kwamba redio ingeizuia. Lakini tangu hapo kila anayepanda chombo hujiuliza: yakitufika, nani atajua tuko wapi?

Sasa niingie katika jambo lenyewe. AIS ni mtambo unaotangaza kwa mawimbi ya redio jina la chombo, nambari yake, mahali kilipo, kasi yake na upande unaoelekea. Kwa mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kati ya nchi na nchi, pamoja na meli za abiria za kila ukubwa, zilitakiwa ziwe nao ifikapo mwisho wa mwaka 2004. Mashua kama yetu hazikulazimishwa. Hapo ndipo wafanyabiashara wanapopata mwanya.

Tulikwenda duka moja upande wa bara, tukaonyeshwa redio nzuri, na muuzaji akasema, "Hii ina AIS, ndugu zangu, hamhitaji kingine." Tuliposoma karatasi yake tukakuta kwamba inapokea tu, haitumi. Maana yake ni kwamba sisi tutaziona meli, lakini meli hazitatuona. Ni masikio bila ya mdomo. Hatukuinunua, na nawaomba wenzangu wa Mkoani, Chake Chake na kwengineko wawe macho. Kwa mfano, redio ya Standard Horizon GX2400 ni nzuri, lakini AIS yake ni ya kupokea tu. B&G V60-B na Vesper Cortex zinapokea na kutuma. Bei za hizi mbili ni mara mbili na zaidi, na hiyo ndiyo sababu watu huishia kwenye ile ya kwanza.

Je, kuna faida gani ya kulipa ziada hiyo? Mashua yetu ni mbao na kitambaa. Rada ya meli hupiga chuma ikakirudisha vizuri, lakini mbao na tanga huweza kuipita bila ya kuacha alama ya maana kwenye kioo, hasa bahari ikichafuka wakati wa kusi. Sheria ya bahari inasema chombo cha injini, kwa kawaida, kimpishe mwenye tanga. Lakini atampishaje asiyemwona? Mwenye tanga ndiye anayehitaji zaidi kuonekana, kwa sababu hana kasi ya kukimbia wala hawezi kugeuka pale pale apendapo.

Wengine wanasema simu ya mkononi yatosha, kwani siku hizi unaweza kuona meli zote kwenye simu. Simu hiyo inategemea mnara wa nchi kavu. Katikati ya mkondo mnara hukatika, na hata ukiwepo, picha unayoiona yaweza kuwa imechelewa. Isitoshe, wewe mwenyewe humo huonekani.

Faida ya redio na AIS kukaa pamoja ni hii: ukiiona meli kwenye kioo unalijua jina lake na nambari yake. Badala ya kupiga kelele kwenye chaneli ya 16, "Wewe meli kubwa uliye kaskazini ya Misali," unamwita nahodha kwa jina la chombo chake naye anajua kuwa ni yeye anayeitwa. Na yakikufika makubwa, ukifunua kifuniko na kukibonyeza kitufe chekundu cha dharura, redio yenyewe hutuma nambari yako na mahali ulipo, hata kama sauti yako haitoki kwa hofu.

Kwa anayetaka kununua, nashauri mambo haya.

Kwanza, uliza: inatuma au inapokea tu? Usikubali jibu la mdomo, soma karatasi. Mtambo wa vyombo vidogo huitwa daraja B, na una nguvu ya wati 2 au 5. Kwa mwendo wa tanga, aina zote mbili hutangaza mahali ulipo kila nusu dakika, kwa hiyo wati ndizo za kuangalia.

Pili, eriali ipandishwe juu ya mlingoti. Mawimbi haya hayapindi sana kuufuata mgongo wa bahari. Redio mbili za mkononi, kila moja ikiwa mita 1 juu ya maji, husikizana kwa maili 4 au 5. Eriali mbili zilizo mita 9 juu hufikia maili 13. Mwenye redio ya wati 25 na eriali ya chini amenunua nguvu asiyoweza kuitumia.

Tatu, nambari. Kila mtambo hupewa nambari ya tarakimu tisa, na kwa Tanzania huanza na 674 au 677. Mitambo mingi hukubali kuandikwa nambari mara moja tu. Ukinunua mtumba wenye nambari ya mtu wa Ulaya, siku utakapoomba msaada watatafuta chombo kingine.

Nne, umeme. Redio na AIS zikiwa wazi usiku na mchana zinahitaji betri nzuri na paneli ya sola ya wati 50 hivi. Betri kuukuu ya gari haitafaa.

Tano, usitegemee kitu kimoja. Ubaya wa mtambo uliounganishwa ni kwamba ukifa, vyote vimekufa. Kwa hiyo redio ya mkononi isiyoingia maji iwe karibu na sukani. Na mtu mwenye macho aendelee kutazama mbele, kwa sababu ngalawa nyingi za wavuvi wetu hazina AIS, na kioo hakitazionyesha.

Mwisho, Ndugu Mhariri, nina ombi kwa wahusika. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ndiyo inayosajili vyombo, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ndiyo inayosimamia mawimbi ya redio. Nawaomba wakae pamoja, watoe karatasi moja kwa Kiswahili chepesi itakayoeleza leseni gani inatakiwa, nambari inapatikanaje na ada yake ni kiasi gani, na karatasi hiyo ibandikwe bandarini Wete na Mkoani. Pia wafikirie kupunguza ada kwa vyombo vidogo vya tanga. Mwananchi anayetoa fedha zake mwenyewe ili asigongwe na meli anaipunguzia serikali kazi ya kumtafuta.

Nao manahodha wa boti za mwendo kasi nawasihi wasikizime kioo chao wala wasiifunge chaneli ya 16. Tukilipa gharama ya kuonekana, basi na atazamaye awepo.

Wako katika bahari,
Mwenye Mashua,
Wete, Pemba.