Ethiopia na Eritrea wakipigana tena, Isiolo haitasalimika

WAKAZI wa wadi ya Wabera, mjini Isiolo, hawahitaji kufunzwa jinsi mzozo wa mpaka unavyogeuka kuwa vita. Wadi yao ina jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa Juni 1963, uhasama uliozaa Vita vya Shifta ulipokuwa ukitokota.

Ndiposa uhasama kati ya Ethiopia na Eritrea haufai kuchukuliwa kuwa wa mbali. Barabara kuu itokayo Isiolo kupitia Marsabit huishia Moyale, mlangoni mwa Ethiopia.

Mataifa hayo yalipigana kuanzia Mei 1998 hadi Juni 2000 yakigombea mji mdogo wa Badme. Makumi ya maelfu ya wanajeshi waliangamia. Mnamo 2002 tume ya mpaka iliipa Eritrea mji huo, lakini Ethiopia haikuuachilia.

Maridhiano ya 2018 kati ya Waziri Mkuu Abiy Ahmed na Rais Isaias Afwerki yaligeuka kuwa ushirika wa kijeshi katika vita vya Tigray vya 2020 hadi 2022. Hata hivyo, Eritrea haikuwa miongoni mwa waliotia saini mkataba wa Pretoria uliovimaliza. Mnamo Oktoba 2023, Dkt Abiy alitangaza kwamba Bahari ya Shamu ni suala la uhai wa taifa lake, na Asmara ikaona bandari yake ya Assab inamezewa mate.

Kijeshi, hatari kuu ni hesabu kuonekana rahisi. Ethiopia ina zaidi ya watu milioni 100, ndege za kivita na droni, nayo Assab haiko mbali na mpaka. Lakini kuuteka mji ni jambo moja, kuushikilia ni jingine. Risasi, maji na mafuta vingelazimika kupitia jangwa la Afar, mojawapo ya maeneo yenye joto kali zaidi duniani. Eritrea nayo haingelazimika kujibu Assab; ingeweza kuhamishia vita katika milima ya Tigray, ambako majeraha hayajapona.

Fauka ya hayo, tangu 2023 jeshi la Ethiopia limekabiliana na wapiganaji wa Fano katika Amhara, huku likiandama waasi wa OLA katika Oromia. Kila kikosi kinachopelekwa kaskazini huacha pengo kusini.

Pengo hilo ndilo linaloihusu Isiolo. Februari 2025, Kenya ilianzisha Operesheni Ondoa Jangili katika kaunti za Marsabit na Isiolo dhidi ya OLA. Mpaka ukikosa walinzi upande wa pili, bunduki na wakimbizi watafuata barabara ile ile ya Moyale.

Nairobi, iliyowakutanisha makamanda wa Ethiopia na Tigray Novemba 2022, haina budi kusukuma mazungumzo yatakayoijumuisha Asmara. Mwenzako akinyolewa, nawe tia chako maji.