Jina la Ubatizo Si Ukoo

Tangu fomu mpya ya uanachama wa chama chetu isambazwe, simu za malalamiko hazikatiki. Kinachowachoma watu ni kifungu cha 4: kila familia iandikishwe chini ya jina moja la ukoo, la upande wa baba, na asiye na cheti akae kwenye "orodha ya kusubiri". Kifungu hiki hakiwafai wajukuu wa Frere Town na Rabai. Kifutwe.

Tunajua tulivyopata majina. Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa 1873 wa kufunga masoko ya watumwa, manowari za Waingereza ziliendelea kuyakamata majahazi ya watumwa, na mateka wakateremshwa Mombasa na kupelekwa kwenye makazi ya misheni ya CMS (Church Missionary Society) huko Frere Town na Rabai. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Walipobatizwa walipewa majina mapya. Wazee waliotokea Nasik, India, kama William Jones na George David, walifika Mombasa tayari wana majina ya Kiingereza. Basi wawili wenye jina moja huenda hawana damu moja, na waliofungwa katika jahazi moja huenda leo wana majina mbalimbali.

Cheti cha ubatizo cha shangazi yangu kimekunjwa mara nne mpaka wino umefutika kwenye mikunjo. Kina majina ya Kiingereza matupu. Lakini kule Kisauni bibi yake alimwita kwa jina la Kiyao, ambalo halimo katika karatasi yoyote. Hilo ndilo linalotuonyesha tulikotoka, na fomu haina nafasi yake! Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Wazee wetu hawakuiacha asili, walinyang'anywa.

Na utaratibu je? Katiba ya chama inataka ajenda itumwe siku 21 kabla ya mkutano, na akidi iwe theluthi ya wanachama. Ajenda haikutumwa. Kifungu kilipitishwa na watu tisa walionyoosha mikono. Lakini wengi wanaopiga kelele leo walialikwa wakabaki nyumbani, na waliokuja walitumia saa nzima kubishana nani alitangulia, wa Rabai au wa Frere Town. Kwa mtindo huu hata fomu nzuri itatushinda.

Tunapendekeza nafasi tatu katika fomu: jina la ubatizo, jina la nyumbani, na kabila au mahali palipotajwa na wazee. Upande wa mama uhesabiwe sawa na wa baba. Masimulizi ya mzee yaliyorekodiwa yakubaliwe kama ushahidi. Leteni nakala za vyeti, si vyeti vyenyewe. Kumbukumbu za CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, mji ambamo baadhi yetu tunaishi, na kamati haijamtuma hata mtu mmoja kuzisoma. Wajitokeze wawili.

Mkutano mkuu ujao, njooni tufikishe akidi tukifute kifungu hicho. Na kabla hujaja, mpigie simu mzee wenu aliye hai umuulize: bibi, nyumbani alikuwa akiitwa nani?