Unachunwa Buzi na Simu Yako?

Mwezi huu naomba tuweke pembeni ishu za nani kamsaliti nani, tuongelee nyumba ndogo ya aina yake. Haina sura, haipigi simu usiku wa manane, wala haiachi rangi ya mdomo kwenye kola ya shati. Inakaa ndani ya simu ya mwenzi wako na inakula hela kimyakimya. Jina lake ni gemu.

Chukua mfano huu. Ni mfano tu, usianze kumwangalia jirani yako! Mkoani Tanga kuna Kwamsisi mbili, moja iko Handeni na nyingine iko Korogwe. Tuseme kijana wa Kwamsisi ya Handeni anaendesha bodaboda, na mchumba wake anaishi Kwamsisi ya Korogwe. Kaka wa watu anaamka alfajiri, anakula vumbi mchana kutwa, jioni anapeleka hesabu kwa tajiri mwenye pikipiki. Kinachobaki ndicho chake. Wamekubaliana mahindi yakishavunwa, mahari iende kwa wazee.

Usiku sasa anaingia kwenye Free Fire na washikaji. Kuna nguo mpya ya mchezaji imetoka, inawaka moto mabegani. Anamrushia mtu elfu tano kwa simu, anajaziwa daimondi (siyo yule msanii wa Tandale, hizi ni pesa za humo ndani ya gemu), anavaa, anauza sura. Washikaji wanamsifia. Kesho kutwa inatoka nyingine, elfu tano tena.

Piga hesabu na mimi. Elfu tano kila baada ya siku mbili ni 75,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 900,000. Mahari hiyo jamani! Na hakuna siku hata moja aliyohisi ametoa laki tisa.

BURE YENYE MENO

Kinachowachanganya wengi ni kwamba gemu lenyewe ni bure. Free Fire, ambalo kampuni ya Garena ya Singapore ililitoa mwaka 2017, linashushwa bure na linakubali hata kwenye simu za bei poa. Sasa faida inatoka wapi? Inatoka kwenye nguo, bunduki za rangi, mitindo ya kudansi na vikorokoro vingine. Wachezaji walio wengi hawatoi hata senti. Wachache wanatoa sana, na hao wachache ndio wanaobeba biashara nzima.

Wenye biashara hiyo huko ughaibuni wana jina lao la kuwaita wateja wa namna hii. Wanawaita nyangumi. Sisi Bongo wala hatuhitaji kwenda baharini, jina tunalo siku nyingi. Mtu anayetoa tu huku anachekewa, anaitwa buzi. Na kazi inayofanyika hapo ni kuchuna.

Mambo yenyewe yalianza kama utani. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani iliwauzia wachezaji wa gemu la Oblivion vazi la farasi kwa dola mbili na nusu. Farasi wa kwenye skrini! Watu walicheka na kulalamika. Leo vazi la farasi linaonekana kama pipi ya dukani.

MBINU ZA MCHUNAJI

Wewe uliyewahi kuchunwa na binadamu mwenzako, hebu soma hapa taratibu, uone kama hutakumbuka mtu.

Kwanza, anabadilisha jina la hela. Ukiambiwa nguo ni shilingi elfu ishirini utashtuka. Ukiambiwa ni daimondi mia nane, kichwa hakishtuki, kwa sababu hakuna sokoni wanapouza nyanya kwa daimondi.

Pili, hakupi kinachotosha. Daimondi zinauzwa kwa mafungu. Unachotaka kinagharimu zaidi kidogo ya fungu ulilonalo, kwa hiyo unanunua fungu jingine. Ukishavaa, zinabaki chache zisizonunua kitu. Zinakukonyeza tu hapo, ziongezee wenzake.

Tatu, anakuharakisha. Saa inahesabu kurudi nyuma: zimebaki saa sita, zimebaki saa mbili, ukikosa ndiyo basi tena. Mapenzi ya "nijibu sasa hivi au tuachane" unayajua. Hayajawahi kumpa mtu nafasi ya kufikiri.

Nne, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, anakuwekea gurudumu la bahati. Hununui nguo, unanunua nafasi ya kuipata. Unazungusha, unapata takataka. Unazungusha tena, umekaribia. Ukishafika hapo, unazungusha kuokoa hela iliyokwishaliwa.

Nchi yetu ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha tangu mwaka 2003, ina na bodi yake, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Lakini gurudumu la kwenye gemu linamfikia mtoto wa darasa la sita akiwa amejilaza kwenye mkeka sebuleni, na hamna anayemuuliza umri kwa macho makavu.

Wenzetu wameanza kushtuka. Ubelgiji mwaka 2018 ilisema visanduku vya bahati vya kwenye magemu ni kamari isiyo na kibali. Marekani, Desemba 2022, tume ya biashara ya serikali ilifikia makubaliano na kampuni ya Epic, wenye gemu la Fortnite, ilipe dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja. Tume ilisema vitufe vilipangwa vibaya kiasi kwamba mtu anabonyeza mara moja tu, kakatwa, na waliopinga makato hayo benki walifungiwa akaunti. Januari 2025 ikaja zamu ya wenye Genshin Impact, dola milioni 20, pamoja na sharti la kutowauzia visanduku vya bahati watoto wa chini ya miaka 16 bila ruhusa ya mzazi.

Kwa hiyo mwenzi wako akikwama humo, usikimbilie kumwita mjinga. Anashindana na watu wanaolipwa mishahara mizuri kwa kazi ya kumfanya abonyeze.

KUUZA SURA HAKUKUANZA LEO

Hata hivyo tusijifanye watakatifu. Watu wa mwambao tunapenda kuonekana. Miaka mia moja iliyopita vijana wa Tanga na Dar es Salaam walikuwa na ngoma ya Beni. Kulikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti, kila upande una sare zake, una maofisa wenye vyeo vya kizungu, na unatafuta kuuzidi upande wa pili kwa mavazi na karamu. Ilikuwa kuuza sura kwa kwenda mbele. Na dada zangu, tusicheke sana! Kijora cha sare ya harusi unakivaa siku moja, halafu kinalala kabatini mpaka kinachakaa.

Tofauti ipo hapa. Hela ya sare inakwenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwako. Karamu inaliwa na majirani, na siku ukifiwa hao majirani ndio wanaokuja na kuni na unga. Kijora unaweza kumpa mdogo wako. Nguo ya kwenye gemu huwezi kuiuza wala kuirithisha, maana hukuinunua, umepewa ruhusa ya kuitumia tu. Akaunti ikifungwa au gemu likizimwa, umebaki na mikono mitupu.

Sisemi mtu asinunue. Mwanaume aliyefanya kazi kutwa ana haki ya starehe yake, kama mwingine anavyokwenda kuangalia mpira au kunywa soda baridi. Kinachovunja uchumba ni siri. Siku mchumba wa Korogwe atakapouliza mahari imefikia wapi, na kaka wa Handeni aanze kumung'unya maneno, hapo hatakuwa anaulizia nguo ya katuni. Atakuwa anajiuliza, huyu mtu ananificha mangapi mengine?

SASA TUFANYEJE?

Dada, usianze na "hilo ligemu lako". Atanuna, ataweka miguu kwenye kochi, mazungumzo yameisha. Anza na mipango yenu. Mwambie tukae tuangalie hela zetu zinavyokwenda, kisha kila mmoja afungue taarifa ya miamala ya simu yake, na wewe ukiwemo. Usitake kuona za kwake huku za saluni umezificha.

Kaka, kabla hujajaza daimondi, itaje kwa shilingi, kwa sauti. Kisha igeuze kuwa kitu: lita ngapi za petroli, kilo ngapi za unga. Ikiwa bado unaitaka, ilalie. Kama kesho mchana unaikumbuka, sawa, nunua kwa hela ya starehe mliyokubaliana. Ikiisha imeisha, hakuna kugusa ya mahari. Na ukifika mahali unakopa kwenye simu ili mchezaji wako apendeze, ujue hapo starehe hakuna tena. Mwambie mtu unayemwamini mapema.

Wazazi, namba ya siri ya simu yako ni kama ufunguo wa kabati. Mtoto haachiwi "acheze kidogo" huku anaijua. Na mtoto akiomba daimondi, usimfokee tu. Kaa naye, mzungushe hesabu kama tuliyoifanya hapo juu. Watoto wanaelewa haraka kuliko baba zao!

Mapenzi yana njia nyingi za kumfanya mtu aonekane. Mwenzi wako akirudi na vumbi la Handeni usoni, mwangalie, msifie, mpe maji ya kuoga. Huenda kuna mtu anayelipa elfu tano kila siku mbili kwa sababu huko kwenye gemu ndiko pekee anakosifiwa.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mpaka hapo, tunza hela yako, na mtunze zaidi uliye naye.