Leseni ya kulea watoto: jimbo linatoa, mji unazuia



Kila tukikutana kwenye arusi au msiba hapa California, akina mama lazima wafike kwenye habari ya kulea watoto wa watu nyumbani. Kazi hiyo imewalipia wengi kodi ya nyumba, hasa waliokuja na vyeti ambavyo huku havitambuliki. Kwa hiyo nani awasimamie, jimbo au mji, si mjadala wa wanasheria peke yao.

Jirani yangu wa zamani, dada wa Tanga, alikuwa na leseni ya jimbo ya watoto 8. Alama za vidole alitoa, kipimo cha TB alipima, mkaguzi alimfikia hadi jikoni. Mwaka 2014 akataka kupanda afikie watoto 14. Jimbo halikuwa na neno. Mji ndio ukamwambia alipe ada, aombe kibali cha matumizi ya ardhi, na majirani waitwe watoe maoni. Nilikuwepo kwenye kikao kile. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama watoto watakuwa salama! Walizungumzia kelele na magari, na mzee mmoja akalalamika kwamba bei ya nyumba yake itashuka. Dada akanyimwa, na ada haikurudi. Alishahamia Texas sheria ilipobadilika.

Sheria yenyewe ni SB 234 ya Seneta Nancy Skinner, iliyopitishwa 2019 na kuanza kazi 1 Januari 2020. Nyumba ya kulelea watoto, ndogo au kubwa, sasa inahesabiwa kama makazi ya kawaida. Mji hauwezi tena kudai kibali kile wala kutoza leseni ya biashara.

Naiunga mkono, ingawa najua jimbo nalo si malaika. Mwaka 2003, kwa kubana bajeti, lilijiruhusu kukagua baadhi ya nyumba hizi mara moja tu kwa miaka 5. Miaka 5! Mtoto aliyeingia na nepi anatoka anasoma. Anayesema mji uko karibu zaidi ana hoja, ila ukaribu ule tuliuona ulivyotumika. Mfano mzuri ni zimamoto: kwa nyumba kubwa, wanaokuja kukagua ni watu wa hapo hapo, lakini wanafuata kanuni za jimbo zima. Hawaulizi majirani wanasemaje.

Wenzetu wa Kenya mmekwenda njia ya pili. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti vituo vya kulelea watoto. Basi mlioko Nairobi, Mombasa na Kisumu tuambieni: ofisa wa kaunti akibisha hodi kwa mama anayelea watoto 10 chumba kimoja, anauliza kwanza choo kiko wapi, au risiti iko wapi?